Jeki iliyobaki Mbale

Siku tuliyokwama kwenye mchanga kati ya Kotido na Kaabong, huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, jeki yangu ilikuwa Mbale. Nilimwazimisha jirani kabla ya Krismasi, akasema ataileta kesho, na kesho hiyo ikafika mwisho wa Machi. Naanza na jeki kwa sababu watu nikiwasimulia safari ile hukimbilia kuniuliza habari za simba wa mbuga ya Kidepo, nami simba sikuwaona hata unyayo.

Mimi ni dereva wa kukodiwa. Nina Hilux kuukuu, ya kusukuma magurudumu ya nyuma tu, na nimepeleka mizigo Karamoja kwa miaka tisa: unga, mabati, simenti, magodoro, mara moja jeneza. Nilizaliwa Tororo kwenye nyumba za reli, ambako Mteso, Mjaluo, Mnubi na Mganda waligombania bomba moja la maji, na ugomvi wa bombani ulikuwa wa Kiswahili. Ndiyo maana hii ni lugha yangu ya nyumbani, jambo ambalo Kampala bado linafanya watu wanitazame mara mbili. Huko wengi wanakijua Kiswahili kama lugha ya wanajeshi na wezi. Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini mwenye duka wa Kampala ukimwomba chumvi kwa Kiswahili, kwanza anakuangalia mikono.

Kaskazini mambo ni mengine. Ukishaipita Moroto, Kiswahili ndicho kinachokusogeza: sokoni wamekipata kwa wachuuzi, barabarani wamekipata kwa askari. Hata operesheni ya kukusanya silaha iliyoanza Julai 2021 waliipa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote.

Basi wiki ya Pasaka mwaka 2024 shemeji yangu akanipa kazi ya kupeleka mashine ya kusagia mahindi Karenga, jirani na mbuga ya Kidepo. Anayetoka Kampala hupitia Gulu na Kitgum, kama kilomita 570. Mimi natoka Mbale, kwa hiyo njia yangu ni Moroto, Kotido, Kaabong, kisha Karenga. Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana wa miaka kumi na tisa, ndiye tanboi wangu. Watanzania wanasema utingo. Kazi ni ile ile: kufunga turubai, kulala juu ya mzigo, na kulaumiwa.

Kwenye kizuizi cha kutokea Kotido tulimkuta mwanamke amesimamishwa na pikipiki. Ya kawaida, ya cc 250, lakini imebebeshwa mikoba miwili ubavuni kama punda wa maji. Askari alikuwa anamhoji.

"Wewe natoka wapi?"

"Natokea Mombasa, afande. Nimeingilia Suam, nikateremkia Kapchorwa, nikapita Nakapiripirit mpaka Moroto."

Askari akamgeukia mwenzake. "Huyu naongea kama redio." Kisha akamrudia. "Bwana yako iko wapi?"

"Yuko nyumbani anapika futari."

Walicheka mpaka mmoja akaweka bunduki begani apate kujifuta macho. Wakakigeuzageuza kitambulisho chake wakitafuta muhuri. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda tunavuka mipaka yetu kwa kitambulisho cha taifa, lakini ukikitoa huko juu watu bado wanadhani umesahau pasipoti. Wakamwachia. Nikamwambia mpwa wangu, "Huyo anatafuta kaburi lenye mandhari nzuri." Tukampita mbele kidogo, nikamfunika kwa vumbi, honi sikupiga.

Haikupita saa moja na nusu tukafika kwenye mto wa mchanga. Karamoja ina mito mingi ya namna hii. Sehemu kubwa ya mwaka ni barabara pana nyeupe isiyo na tone, na ng'ombe wanaikata kama wanavuka uwanja. Mimi huivuka kwa njia niliyofundishwa na waliotangulia: unashika gia ya pili, unakanyaga mafuta, unamwachia Mungu. Siku hiyo mzigo wote mzito ulikuwa nyuma, na lori lililotutangulia lilikuwa limeuchimba mchanga ukawa laini kama unga. Gari likapunguza mwendo lenyewe, katikati kabisa, likakaa.

Mpwa wangu akakata matawi, akayasokomeza chini ya magurudumu. Nikakanyaga. Akakata mengine. Nikakanyaga tena. Kila nilipokanyaga gari lilishuka, mpaka difu, lile bonge la chuma la ekseli ya nyuma, ikalala juu ya mchanga na magurudumu yakawa yanazunguka kwenye mashimo yao kama ya cherehani. Chini ya shimo mchanga ulikuwa umegeuka rangi, una unyevu. Sikuuwekea maanani.

"Leta jeki," nikasema, halafu nikakumbuka.

Yule dada wa Mombasa akatukuta hapo. Hakusema pole. Aliegesha pikipiki ukingoni, akavua kofia ngumu, akavua na buti, akavuka mto mzima kwa miguu mitupu mpaka ng'ambo, akarudi kwa mstari mwingine, akikanyaga kisigino kila baada ya hatua chache. Mimi na mpwa wangu tulibaki tunamwangalia tu. Aliporudi ndipo akasalimu.

"Habari za saa hizi, kaka. Matairi yana presha ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Shusha mpaka ishirini."

Nilikataa, na nilikuwa na hoja. Tairi lenye mzigo ukilipunguza upepo linajikunja ubavuni, linapata moto, linachanika. Nimeyaona yaliyochanika. Hakubishana nami.

"Kwenye lami, ndiyo. Hapa mchangani utakwenda mwendo wa mtu anayetembea, litapata moto gani? Kaka, umeshawahi kuona ngamia amevaa kisigino?"

Mpwa wangu akacheka, na kicheko chake kiliniudhi kuliko ushauri wenyewe. Lakini nilishaelewa. Unyayo wa ngamia ni mpana na laini, unatandaa. Tairi gumu ni kisigino, linatoboa. Tairi lililolegea linalala, linakuwa refu pale linapogusa chini, uzito unagawanyika. Miaka tisa nimekuwa nikiuvuka mchanga ule kwa visigino, na kila nilipofanikiwa nilidhani ni ustadi. Nikachukua ufunguo, nikabonyeza valvu, upepo ukatoka ukilia.

Tulipokuwa kwenye tairi la tatu akatokea mzee mmoja mchungaji, shuka begani, fimbo, na kile kigoda kidogo cha mti wanachokiita ekicholong, ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Alitusalimia, akaangalia kazi yetu kama mtu anayeangalia watoto wanapika matope.

"Maji iko kuja," akasema.

Nikatazama juu. Jua kali, hata wingu la kumfunika kunguru hakuna. Yeye akanyoosha kidevu upande wa milima, mbali sana, ambako kulikuwa na doa jeusi kama masizi ya sufuria. Nikasema hiyo mvua iko kwao huko. Akasema ndiyo, mvua iko huko, maji iko kuja huku. Kisha akapiga mluzi, vijana wanne wakatoka vichakani kulikokuwa na ng'ombe.

Tulichimba kwa mikono na kwa sufuria. Vijana wakasukuma. Mara ya kwanza gari likatikisika. Mara ya pili likapanda nusu likarudi. Mara ya tatu yule dada akaniambia nisikanyage mafuta kabisa, niachie klachi taratibu, gia ya kwanza, na kama linagoma nisimame badala ya kulazimisha. Likapanda. Likaenda polepole mpaka nikawa naona aibu, kama nasindikiza maiti, likafika ng'ambo. Naye akavusha pikipiki yake kwa ule mstari alioupima kwa visigino. Mzee alitaka tumbaku, tukampa hela ya tumbaku. Vijana wakataka chupa tupu za maji.

Hatujamaliza hata kufunga turubai vizuri tukasikia sauti. Nilidhani ni lori linapanda kilima kwa gia ya kwanza. Halafu ulimi wa maji ukatokea kwenye kona ya mto, hauna kimo cha kutisha, labda wa magotini, umebeba povu la kahawia, matawi, mavi ya ng'ombe na ndara moja ya bluu. Nyuma yake ndiyo kulikuwa na maji yenyewe. Kufumba na kufumbua mashimo yetu yakawa yamefutika, na matawi ya mpwa wangu yanakwenda zake. Juu yetu jua bado linawaka. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake ukingoni, hana habari na sisi, anahesabu ng'ombe.

Jioni hiyo hatukuendelea. Matairi yalitakiwa kujazwa, na dada alikuwa na kipampu kidogo cha umeme cha kuchomekwa kwenye betri ya pikipiki, kinachofanya kazi kwa subira ya nzi. Mashine nayo ilikuwa imesogea. Na usiku barabara ile haipitwi na mwenye akili. Mzee akatuambia tulale karibu na manyatta, kwenye kisima cha pampu, na ndiko walikotukuta wazee wawili wa baiskeli.

Walikuwa wanatoka Kaabong, mume na mke, Waholanzi, wote wameshapita miaka sitini, wamekauka kama samaki wa ng'onda. Mto umewazuia. Mume alishuka kwenye baiskeli, akamwendea mpwa wangu, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo."

Mtoto wa watu akashikwa. Akanitazama mimi. Nikanyamaza makusudi. Mwishowe akajibu kwa sauti ya chini, "Marahaba," na yule dada wa Mombasa akacheka mpaka akakaa chini. Ilibidi amweleze mzee kwamba hiyo anayetoa ni mdogo kumpa mkubwa, na kwamba amemwamkia mjukuu. Mzee akasema amekuwa akiwaamkia hivyo watoto wote wa Tanzania kwa miezi miwili na nusu, na wote waliitikia.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na dada alikuwa amefunga. Nilimwambia msafiri ana ruhusa ya kula. Akasema anajua, lakini siku za kulipa zinakuwa nyingi, naye si mtu wa kupenda madeni. Jua lilipozama akatoa tende kwenye mfuko wa pikipiki, akagawa: sisi, wazee, mchungaji, na watoto waliokuwa wamejipanga kutuangalia. Mchungaji akaila, akaitazama ile mbegu muda mrefu, akaitia kwenye kitambaa chake. Tukapika posho, yaani ugali, na maharage. Mwezi ulichelewa kidogo kutoka, ulikuwa umeshavuka nusu, lakini ulipotoka hatukuhitaji tochi.

Hapo ndipo nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikaa nakikumbuka. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya mzee lilikuwa limekatika spoku moja. Kwenye chuma cha fremu alikuwa amezifunga kwa gundi spoku nyingine, zimelala sambamba kama mishale. Akaazima kigoda cha mchungaji, akapindua baiskeli, akavua tairi, akapenyeza spoku mpya, akaanza kukaza kifundo chake robo mzunguko, anasimama, robo tena. Kisha akawa anazipiga spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, ameinamisha sikio. Zilikuwa zinalia. Nyingi zililia sauti moja, na ile mpya ikalia chini. Akaikaza robo. Akapiga tena. Watoto wakasogea. Alizunguka gurudumu zima hivyo mpaka zote zikawa sauti moja, na watoto wakawa wanaitikia kila anapogonga.

Alipomaliza hakukaa. Alizipitia nati zote za baiskeli mbili, za kiti, za usukani, za kichanja cha mizigo, anazigusa kwa vidole tu. Mke wake akatuambia hufanya hivyo kila jioni kabla ya kula tangu Cape Town, miezi kumi na minne, na siku moja tu ndiyo alikuta nati imelegea. Nikafikiri: siku moja katika miezi kumi na minne, kazi ya bure. Sikusema.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa anaangalia kimya. Asubuhi aliamka kabla yangu, akachukua spana ya magurudumu, akaizunguka Hilux. Akaniamsha. "Anko, njoo." Gurudumu la nyuma la kulia, nati mbili zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Sijui tumetembea nazo hivyo tangu wapi.

Lakini nirudi usiku. Nilimuuliza yule mzee waziwazi nani anawalipa. Sisi madereva hatuelewi safari isiyo na mzigo. Mtu anakwenda Kaabong kwa sababu kuna kitu Kaabong hakipo. Akanieleza bila kuona haya kwamba yeye alikuwa mwalimu na mke wake muuguzi, wanaishi kwa pensheni, wanalala kwenye hema, na kwamba kwao kukaa nyumbani ni ghali kuliko kutembea. Walikuwa wamekusudia kufika Cairo. Vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023 njia ikafungwa, sasa wanakatia Kenya, wapande Moyale mpaka Addis Ababa, kisha ndege. Kidepo walikwenda kwa kupinda tu. Baiskeli waliziacha Karenga, wakaingia kwa gari la kukodi, maana simba hatofautishi kati ya mtalii na swala. Walikuwa wametokea Kitgum. Nilivyosikia Kitgum nikatikisa kichwa. Nilipokuwa kijana ile njia ilikuwa ya misafara ya jeshi, na mpaka 2006 watu wa huko walikuwa wamesongamana kambini kwa vita vya waasi wa Joseph Kony. Sasa wazee wawili wanaipita kwa baiskeli na kulalamikia kichuguu kilichowatoboa hema.

Mpwa wangu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalimeza. "Na sisi tukitaka kuja kwenu kwa baiskeli?"

Dada akatafsiri. Mzee akakaa kimya kidogo.

"Hawatawaruhusu," akasema.

Hakupamba. Hakusema tukaribie siku yoyote, hakusema dunia ni moja. Nilimpenda kwa hilo. Binamu yangu aliwahi kuomba viza ya kwenda kumuuguza dada yake Ulaya. Alipeleka karatasi za benki, barua ya kazi, picha za shamba, akalipa ada, akajibiwa kwa mistari mitatu. Ada haikurudi. Dada wa Mombasa akasema yeye alianza na ndoto ya Morocco, akahesabu viza zinazomsubiri njiani, akaona aanze na nchi zinazokubali kitambulisho. "Nimalize kwanza za majirani," akasema. "Wengi hata za majirani hawajazimaliza."

Nisiwafanye malaika. Yule mzee alimpiga picha mchungaji bila kumwomba, mke wake akamfokea kwa lugha yao, akaenda kumwonyesha picha, mchungaji akadai hela, akalipa, na nadhani kila mmoja aliona amepunjwa. Na kuna namna ya kuzungumzia "watu wa hapa" ambayo hata mgeni mwema inamponyoka.

Mke ndiye aliyenitia adabu, wala hakukusudia. Alikuwa na daftari dogo lenye jalada la plastiki. Nilidhani anaandika hesabu za matumizi. Akanisomea, dada akitafsiri pale Kiingereza changu kilipochoka. Kila kisima walichonywea maji tangu Kitgum kimeandikwa: kiko kilomita ngapi kutoka cha nyuma, nani aliyewapigia pampu, walicheka nini. Kimojawapo kilikuwa mbele kidogo upande wa Kaabong, kwenye mti uliopigwa na radi. Hapo aliandika: mwanamke kijana, anaziba mdomo akicheka, ana mtoto mgongoni, walikuwa pacha, mmoja amekufa mwezi wa kwanza.

Kisima hicho nakijua. Kuna shimo mkono wa kulia, ukilikwepa unaingia jingine. Nimekipita mara nyingi nisizoweza kuhesabu.

Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mwenyeji wa barabara ile, pampu ikiharibika wale watu wanachota wapi. Nilifikiri. Nikatafuta kichwani. Nikampa jibu la mtu asiyejua: "Wenyewe wanajua."

Akaliandika. Nilimwona akiliandika.

Asubuhi mto ulikuwa umeshuka, na mchanga uliolowa ulikuwa mgumu kama barabara, wazee wakazisukuma baiskeli zao juu yake wakiongea. Mpwa wangu akawapigia kelele kwa Kikaramoja chake cha sokoni, "Alakara!" yaani asante. Wao wakajibu, "Shikamoo!" Nadhani safari hii walifanya makusudi.

Karenga tulifika jioni, mashine ikashushwa, ikafungwa siku ya pili, ikakataa kuwaka, ikawaka. Hayo hayana hadithi. Dada aliacha pikipiki yake kwa mama mmoja wa hoteli, akapata nafasi kwenye gari la watu waliokuwa wanaingia mbugani. Mbuga ile ni hifadhi ya taifa tangu 1962, kilomita za mraba 1,442, na kwa miaka yote niliyofika mlangoni pake sijawahi kulipa kiingilio. Alinitumia picha baadaye. Ni ya mto Kidepo wenyewe, mchanga mtupu mweupe, na kando yake miti mirefu ya mivumo kama ya kwao pwani. Chini ameandika: "Kaka, wa huku ni mpana kuliko ule wako. Nimeupima kwa miguu." Mara ya mwisho nilisikia yuko Burundi.

Jeki niliifuata mwenyewe nilipofika Mbale. Mpini wake umepotea, jirani anasema niliitoa hivyo.

Lakini kabla ya Mbale, siku tunarudi, gari tupu, tulifika kwenye ule mti wa radi. Mkono wangu ulishaanza kuzungusha usukani kukwepa shimo. Nikakanyaga breki. Mpwa wangu akadhani ni pancha.

Palikuwa na wanawake watano na foleni ya jerikani. Mmoja ana mtoto mgongoni. Mpwa wangu akasalimia, tukaomba maji, yule mwenye mtoto akatupigia pampu. Kisha akauliza kitu, mpwa wangu akamjibu kwa mikono, miviringo miwili hewani. Alikuwa anauliza wale wazee wamefika wapi. Nikasema Moroto, labda wameshaipita. Akafurahi. Halafu akalitazama gari, akasema maneno mengi, wenzake wakaangua kicheko, naye akaziba mdomo.

"Anasemaje?"

"Anasema gari hili analijua," mpwa wangu akasema, anajikaza asicheke. "Ndilo linalowatilia vumbi kwenye maji."

Nilisubiri wamalize kucheka. Kisha nikamwambia amuulize, pampu ikiharibika wanachota wapi. Yule mwanamke aliona swali lenyewe la ajabu. Akanyoosha kidevu, kama yule mchungaji, upande wa mto wa mchanga tulikokuwa tunaelekea, akachuchumaa kidogo na mtoto wake mgongoni, akaonyesha kwa viganja vyote viwili jinsi wanavyochimba, wanasubiri, wanachota kwa kibuyu.

"Mbona anasema hata wewe anakuona unajua," mpwa wangu akasema. "Watoto walimwambia ulichimba pale."